Homa Ilishuka, Sisi Tukalala

Mdogo wangu alikanyaga msumari Jumatatu, kwenye mjengo. Ulitoboa soli ya raba ukaingia unyayoni. Akaosha kwa maji ya pipa, akafunga kitambaa, akaendelea kubeba mawe, maana ukiondoka saa nane mchana siku hiyo hulipwi. Jioni alipitia kliniki ya mtaani hapa Kayole, Nairobi, akadungwa sindano ya pepopunda, na sote tukapumua. Kumbe sindano ile hukinga pepopunda tu. Bakteria wengine walioingia na ule msumari haiwahusu.

Jumatano unyayo ukavimba. Kemisti akamuuzia vidonge sita vya amoksilini kwa sababu pesa aliyokuwa nayo ilitosha sita. Alhamisi jioni akatetemeka mpaka kitanda kikawa kinagonga ukuta. Tukasema malaria, ingawa hakuwa ametoka Nairobi tangu Krismasi, na hapa jijini malaria ya kuambukizwa ni nadra. (Nairobi kila homa ni malaria na taifodi, hata ya mtu mwenye kidonda.) Akadungwa dawa ya maumivu, homa ikashuka, akanywa uji nusu kikombe. Sisi tukalala.

Hapo ndipo tulipokosea. Dawa ya kushusha homa kazi yake ni hiyo tu, kushusha homa. Bakteria waliokuwa mguuni hawakuguswa. Tulichozima ni king'ora.

Saa kumi alfajiri aliniita Mama. Mama yetu tulishamzika miaka mingi. Nikawasha taa, nikamhesabia pumzi kwa saa ya simu: 32 kwa dakika moja, na amelala tu. Mtu mzima aliyetulia hupumua kama mara 12 hadi 20. Mikono ilikuwa baridi na hakuwa amekojoa tangu mchana. Kuhusu mguu, usingoje wekundu unaouona kwenye picha za mtandaoni. Kwenye ngozi yetu nyeusi ulikuwa unang'aa, umekolea rangi kama ya zambarau, na nilipoweka kiganja nikahisi joto limepanda karibu na goti.

Hali hiyo madaktari huiita sepsisi. Mwili unapambana na maambukizi kwa fujo kiasi cha kujiumiza wenyewe: presha inashuka, figo na ubongo vinakosa damu ya kutosha. Ndiyo maana mtu anaongea mambo yasiyoeleweka na mkojo unakatika. Mgonjwa akifika hapo, achana na kemisti. Tafuta gari.

Hospitali ya kwanza tuliyofika walitaka amana kabla hata ya kumtazama. Kifungu cha 43(2) cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Leo nakijua kwa kichwa. Usiku ule sikukijua, tukageuza teksi, na dakika 40 zikapotelea barabarani.

Katika hospitali ya umma nilianza kumsimulia muuguzi habari ya msumari, tangu Jumatatu. Alikuwa akiandika bila kuniangalia. Niliposema, "Sista, ameanza kuchanganyikiwa, ameniita Mama," akaweka kalamu chini. Kwa hiyo anza na hilo. Sema: ana kidonda, alikuwa na homa, sasa anapumua mbio na hajitambui vizuri. Msumari utausimulia baadaye. Nenda pia na pakiti ya kila dawa aliyomeza, na kama penisilini huwa inamtoa vipele au kumvimbisha midomo, sema kabla hujaulizwa.

Wakamwekea kanula, kile kimrija chembamba cha mshipani, wakatoa damu kwenye chupa mbili za kupeleka maabara ili bakteria waoteshwe na wajulikane ni akina nani. Damu hiyo hutolewa kabla ya dawa, lakini majibu huchukua siku, na dawa haiyangoji. Sista alichukua vichupa viwili vya seftriaksoni, dawa ya kuua bakteria (antibayotiki), kila kimoja gramu 1 ya unga mweupe, akaingiza maji, akatikisa mpaka ukawa wa manjano hafifu, akaunganisha kwenye dripu ndogo. Mgonjwa ambaye presha imeporomoka anatakiwa apate antibayotiki ndani ya saa moja tangu hali hiyo itambuliwe. Kidonge hakifai hapo: anaweza kukitapika, na tumbo lisilopata damu vizuri haliwezi kutegemewa kukifyonza. Kwenye mshipa dawa inafika palepale. Maji nayo ni tiba: mililita 30 kwa kila kilo ya uzito ndani ya saa tatu za kwanza. Yeye ana kilo 62, kwa hiyo zilimiminwa karibu lita mbili.

Wodini kazi yangu ilikuwa daftari. Niliandika kila dawa na saa yake, kwa sababu dawa ya pili waliyomwongezea ilikuwa ya kila baada ya saa sita na zamu zinabadilika. Uliza kwa upole, "Sista, inayofuata ni saa ngapi?" Mara mbili swali hilo ndilo lililokumbusha. Tazama na pale penye kanula. Pakiuma au kuvimba, waite.

Siku ya nne wakambadilishia vidonge. Jirani yetu akasema tumefukuzwa wodini kwa ajili ya kitanda. La hasha: homa ilikuwa imekwisha, anakula, na vidonge sasa vilitosha. Jirani huyohuyo hudai dripu akipata mafua, na huwa anaipata akilipa, jambo linaloniudhi hadi leo. Vidonge safari hii alivimaliza vyote. Nilivihesabu mwenyewe.

Alfajiri ile ya kwanza daktari alikuwa amechora mstari wa biro kuzunguka mguu, pale joto na uvimbe vilipoishia, akaandika saa pembeni: 6:20. Tuliporudi nyumbani mdogo wangu hakutaka mstari ule usuguliwe. Kila jioni aliketi mlangoni na kupima kwa vidole uvimbe umerudi nyuma kiasi gani. Vidole viwili, kisha vitatu, kisha kiganja kizima.