Jibu: Fushimi Inari na Nara kwa siku moja

Habari ndugu. Umeuliza iwapo siku moja, ukiwa kwa rafiki yako Kyoto, Japani, inatosha kuona hekalu la Fushimi Inari na mji wa Nara. Inatosha, mradi kwanza ukague aina ya treni: katika njia ya JR Nara (JR ni kampuni ya reli ya Japani), treni za kawaida husimama kituo cha Inari, mkabala na lango la hekalu, ilhali zile za haraka hupita moja kwa moja.

Hekalu hilo liko wazi usiku na mchana bila kiingilio. Mimi hupendelea kupanda mlima wake kabla ya saa moja asubuhi, ambapo mtu anaweza kutazama kwa utulivu maandishi meusi nyuma ya malango mekundu yaliyopangwa njiani, yanayotaja jina la mtoaji na tarehe aliyolitoa lango lake.

Kisha endeleeni hadi hekalu la Todai-ji, Nara, mkaone sanamu ya shaba ya Buddha, yenye kimo cha takriban mita 15. Kulungu wa bustani ya Nara walisheni biskuti zao maalumu tu, na ramani ya karatasi ifiche, maana wataitafuna.

Kiyomizu-dera, hekalu jingine la Kyoto, ningeliacha kwa siku nyingine, kwani kilima chake kinastahili miguu ambayo haijachoka.