Kishona nguo na damu: pale ninapokitumia, pale ninapokikataa

Ukilima kwa mkono utakijua kishona nguo hata kama hujawahi kukiita kwa jina. Ni lile gugu lenye mbegu nyeusi nyembamba kama sindano, zenye vimeno nchani, zinazong'ang'ania suruali ukipita. Wataalamu wa mimea hukiita Bidens pilosa. Asili yake ni Amerika ya kitropiki, lakini sasa kimeenea nchi nyingi zenye joto, na sehemu nyingi kilikofika watu hukiponda na kukibandika kwenye jeraha linalovuja damu.

Mimi hukitumia, nikijichanja kidole wakati wa palizi. Kwanza naosha jeraha kwa maji safi na sabuni. Majani machanga nayaosha pia, nayaponda, nayaweka juu ya mchanjo na kubana. Baada ya muda damu inasimama.

Lakini nani kaisimamisha, jani au kidole kilichobana? Nikibana kwa kitambaa safi kitupu, damu husimama vilevile. Mwili wenye afya una kazi yake: mshipa uliokatika hujibana, chembe sahani, zile chembe ndogo za damu zinazoanzisha kuganda, hukimbilia pale na kushikana, kisha nyuzi za protini zinafuma kizibo juu yake. Majani ya mimea mingi yana tanini, ile inayokaza ulimi ukitafuna kitu kichungu, nayo hukaza ngozi na vijishipa vidogo. Kwa hiyo sisemi jani halina lolote. Nasema sehemu kubwa ya sifa anayopewa jani ni ya kidole. Bana dakika kumi mfululizo, bila kufunua kuchungulia kila mara, maana ukifunua unang'oa kizibo kinachoanza kushika.

Jambo linaloniogopesha kwenye majani haya halihusu damu kabisa. Ni pepopunda. Mbegu za bakteria wake hukaa kwenye udongo na kwenye mavi ya wanyama, na gugu la shambani limeota humohumo. Jani lenye vumbi likisukumwa ndani ya jeraha la kina, hasa la msumari au mwiba, umeziba hewa na kuwapa bakteria hao mazingira wanayoyapenda. Dalili huchelewa, mara nyingi kati ya siku 3 na 21, mgonjwa keshasahau kidonda. Ndiyo maana jeraha la kina silitii jani hata moja. Naliosha, nafunika kwa kitambaa safi, nakwenda kuuliza habari ya chanjo. Kwa jeraha chafu, kama chanjo ya mwisho ina zaidi ya miaka 5, kwa kawaida huhitajika nyongeza. Majivu, kahawa na utando wa buibui navyo naviweka kundi hilohilo, na kwangu hilo halina mjadala.

Sichumi pia majani ya kando ya barabara, wala ya shamba lililopigwa dawa. Mmea huu unajulikana kwa kufyonza kadmiamu kutoka kwenye udongo uliochafuliwa, na kadmiamu ni metali yenye sumu. Halafu uko ukoo mmoja na alizeti, kwa hiyo anayewashwa na mimea ya ukoo huo ajihadhari.

Damu ya puani ina ushauri wake. Wengine husokota jani na kulichomeka puani huku mgonjwa ameinua kichwa. Damu inaishia tumboni, naye anaanza kutapika. Mwinamishe mbele kidogo, abane sehemu laini ya pua dakika 10 hadi 15, apumue kwa mdomo. Isiposimama, nendeni hospitali.

Kunywa ni habari nyingine kabisa. Nimeombwa mara nyingi kuelekeza watu namna ya kuchemsha majani haya kwa ajili ya damu ya ndani, na jibu langu ni hapana. Kutapika damu, choo cheusi kama lami, damu ya mjamzito, damu isiyokoma baada ya kujifungua: hakuna kidole kinachofika huko, na jani halikijui chanzo. Mama aliyejifungua akipoteza nusu lita ya damu au zaidi tayari yuko hatarini. Zipo dawa za kumsaidia, kama oksitosini na asidi ya traneksamiki, lakini hii ya pili hutakiwa ndani ya saa 3 tangu kujifungua. Muda wa kuchemsha sufuria na kusubiri ipoe unautoa kwenye saa hizo.

Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarini, asijaribu dawa ya majani bila kumwambia anayemtibu. Majani mabichi mengi yana vitamini K, ambayo huipunguza nguvu dawa hiyo. Kitunguu saumu kingi kinaweza kuivuta upande wa pili. Warfarini yenyewe ina asili ya majani: ilitokana na uchunguzi wa ng'ombe wa Amerika Kaskazini waliovuja damu baada ya kula majani makavu ya klova tamu, mmea wa jamii ya kunde, yaliyoota ukungu. Aniambiaye kwamba cha asili hakidhuru, namsimulia habari za ng'ombe hao.

Ukifika hospitali na jani bado limebandikwa, sema ni jani gani na uliliweka saa ngapi. Usilinyofoe mlangoni kwa aibu. Damu itaanza upya. Muuguzi atalilowesha na kulitoa polepole.