Maswali ya wasomaji: Kambi ya matibabu penye tope

Tangu tope la Mlima Hanang liliposhukia Katesh na Gendabi tarehe 3 Desemba 2023, barua kuhusu kambi za matibabu za kujitolea hutufikia kila masika yanapobisha hodi. Safari hii tunajibu nne.

Tuko kumi na wawili, wauguzi na matabibu. Mafuriko yakitokea, tupakie dawa kwenye Hiace tuondoke? (Kikundi, Arusha)

Kabla ya kuwasha gari, mpigieni simu Mganga Mkuu wa Wilaya. Yeye ndiye anayejua zahanati ipi imezolewa na ipi imesimama lakini haina mtumishi. Mara nyingi kinachohitajika si hema jipya, ni mikono ya kuongeza nguvu pale ambapo tayari pana paa, choo na rejista. Kila mtu abebe leseni iliyo hai, chakula chake, maji yake na pa kulala. Mkifika mikono mitupu mtakuwa wahanga wa ziada.

Andikeni kwenye vitabu vya MTUHA, yaani rejista rasmi za taarifa za huduma za afya, si kwenye karatasi za daftari. Wagonjwa watatu wa kuharisha maji waliochota kisima kimoja wanaonekana haraka wakiwa ukurasa mmoja. Kipindupindu mkikishuku, toeni taarifa siku hiyohiyo, msingoje ripoti ya wiki.

Kijana wetu alikatwa na bati kwenye mafuriko, akashonwa nyuzi nane kambini. Leo siku ya nne mguu umevimba na unanuka. Walikosea wapi? (Mzazi, Kilosa)

Kwanza, mpelekeni hospitali leo, nyuzi zifunguliwe. Msisubiri vidonge vifanye kazi.

Kosa ni kushona. Jeraha lililoingia tope halifungwi siku ya kwanza, hata likiwa limenyooka kama la wembe. Ukilifunga, uchafu unabaki chini ya ngozi mahali pasipo na hewa, na huko ndiko vijidudu vya pepopunda na vya kuozesha nyama hustawi. Wanaojitolea hushona kwa sababu foleni ni ndefu na jeraha lililoshonwa linaonekana limekwisha. Halijakwisha.

Kazi yenyewe ni kuosha. Si lazima iwe dripu; maji safi ya kunywa yanatosha. Chukua chupa ya plastiki, toboa kifuniko kwa sindano nene, kisha minya ili maji yarushwe kwa nguvu mpaka kwenye kina cha jeraha. Jeraha la urefu wa kidole lisipate chini ya lita moja. Mchanga uliobaki utoe kwa kibano. Nyama iliyokufa, ile nyeusi isiyotoa damu ukiigusa, ikatwe na anayejua. Usimimine spiriti wala iodini kali ndani, maana zinaunguza nyama hai. Weka gozi (kitambaa chepesi cha kufungia vidonda) iliyoloweshwa maji ya chumvi, bila kushindilia, funika kwa gozi kavu, na ubadilishe kila siku. Siku ya 4 au ya 5, kama ndani ni pekundu na hakuna usaha, hapo ndipo linashonwa. Majeraha ya uso ni tofauti: uso una damu nyingi, na mengi huweza kushonwa mapema yakishaoshwa vizuri.

Kisha pepopunda. Wanawake wengi walichanjwa kliniki wakiwa wajawazito, ila wanaume wengi mara yao ya mwisho ilikuwa utotoni, kwa hiyo waulizeni wao zaidi. Chanjo ni mililita 0.5 kwenye msuli wa bega. Ambaye hajawahi kuchanjwa, na jeraha lake ni chafu, chanjo peke yake itachelewa kumkinga. Anahitaji pia sindano ya kinga ya tayari, inayomlinda papo hapo, na hiyo hutafutwa hospitalini.

Watoto tunaowapa ORS (chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini) wanatapika na wanazidi kuwa na kiu. Dawa imeharibika? (Mhudumu wa afya ya jamii, Rufiji)

Tazameni chombo. Pakiti ya kawaida ni ya lita moja kamili. Akina mama hupewa pakiti na kuikoroga yote kwenye glasi au chupa ya soda, na chumvi ikizidi hivyo ni hatari kwa mtoto. Wekeni alama ya lita moja kwenye jagi, mchanganye mbele yao. Mtoto chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100 kila akiharisha, kwa kijiko. Akitapika, ngojeni dakika 10, mwendelee polepole. Kilichopita saa 24 kimwagwe. Ongezeni zinki miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14. Aliye chini ya miezi 6 apate miligramu 10.

Na maji mnayo? Mgonjwa wa kuja na kuondoka anahitaji kama lita 5, hivyo wagonjwa 100 wanamaliza nusu ya simtank ya lita 1,000. Mgonjwa wa kipindupindu aliyelazwa anahitaji lita 60 kwa siku.

Watu wa mjini wananiletea mifuko ya dawa niipeleke kambini. Nipokee? (Muuza duka la dawa, Morogoro)

Nyingi zikataeni, kwa heshima. Dawa iliyorudishwa na mgonjwa, karatasi ya vidonge iliyokatwa katikati, maandishi yasiyosomeka na wahudumu, au iliyobakiza chini ya mwaka mmoja: zote ni mzigo, na kuziteketeza ni gharama.

Kinachokosekana kambini baada ya wiki ya kwanza ni dawa za presha, kisukari, kifafa, TB na ARV (za kufubaza virusi vya UKIMWI), kwa sababu maji yalichukua za nyumbani. Wa ARV waelekezwe kituo cha CTC, yaani kliniki ya tiba na matunzo kwa wenye VVU, kilicho karibu, hata kama kadi imepotea. Insulini isiyofunguliwa hukaa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8 za Selsiasi. Iliyokwisha kufunguliwa hudumu kama wiki nne kwenye chungu chenye ubaridi, mbali na jua. Isigusane na barafu: ikiganda, hata ikiyeyuka na kuonekana nzima, itupwe.