Kwa nyie mnaoanza kazi na watoto wasioongea

Jamani, nyie mnaoanza kazi na watoto wasioweza kuongea, wa mtindio wa ubongo, usonji na wengineo, msikimbilie tableti ya kuwaongelea. Mi nilianza hivo, kumbe umeme ukikatika siku mbili mtoto anabaki hana mdomo. Anzeni na ubao wa karatasi wenye picha, mtoto anagusa picha ya anachotaka kusema. Picha za ARASAAC ni za bure, zinatoka serikali ya Aragón huko Hispania, zipo zaidi ya 10,000, unaprinti unapiga laminesheni basi. Hata Stephen Hawking, yule mwanasayansi wa Uingereza, alipotobolewa koo 1985 sauti ikapotea, kabla ya kompyuta alikua anaonyeshwa herufi kwenye kadi, ikifika anayoitaka ananyanyua nyusi. Ila picha za vitu vyetu kama ugali na daladala piga mwenyewe na simu.

Ubao wangu wa kwanza niliweka maji, chakula, choo, kulala, yaani vitu vya kuturahisishia kazi sisi. Mtoto akikataa kitu anapiga kelele, tunasema mkorofi huyo. Siku niliyoongeza SITAKI, ACHA na BADO, kuna binti wa miaka tisa alikaa na SITAKI kama siku tatu, uji sitaki, kuoga sitaki, akaninyooshea mimi halafu SITAKI, mama yake alicheka mpaka machozi maana ndo mara ya kwanza anabishana na mwanae.

Halafu kuna hii ya Kiswahili chetu. Programu nyingi za kuongelea za kwenye tableti zimepangwa kizungu, kila neno kitufe chake, ukizitafsiri hivohivo mtoto anatoka na "mimi taka maji" kama mtalii Kariakoo. Weka NATAKA kitufe kimoja, SITAKI kingine, NIMECHOKA kingine.

Na ukiongea nae gusa picha na wewe, kila siku, hata kama yeye hagusi, si hata mtoto anayeongea anasikilizishwa kama mwaka hivi ndo atoe neno la kwanza? Ukimuuliza kitu nyamaza, hesabu kumi kimoyomoyo, mkono wake unachelewa kufika, na usije ukaushika ukamwelekezea, hapo unaongea wewe sio yeye. Kama mkono umegoma kabisa tumia macho, weka picha mbili zilizoachana uone anaangalia ipi.

Ubao usifungiwe kabatini, uende nae nyumbani. Mmoja ulirudi Jumatatu umejaa mchuzi wa dagaa, nikajua wikendi kuna mtu kaongea.