Maswali ya wasomaji: Kusini mwa Ufaransa kwa mfuko wa kawaida

Mwezi huu karibu nusu ya maswali yanahusu ile pwani ya kusini mwa Ufaransa, kuanzia Marseille mpaka Menton mpakani na Italia. Wengine mnaishi hukohuko Ulaya na watoto wanafunga shule, wengine mnatoka nyumbani na viza ya Schengen mmeshaipata kwa jasho mnataka muitumie vizuri. Majina nimeyaacha. Na kabla hamjaendelea kunitumia picha za Saint-Tropez na maboti ya matajiri, niseme tu kwamba vitu vizuri zaidi vya pwani ile ni bure au bei ndogo sana, ila havina mtu wa kuvipigia debe.

Shikamoo dada. Nina semina Nice mwezi wa tano, nitabaki na siku chache za kuzurura. Mimi mtoto wa Tanga, bahari naijua, sasa nauliza kuna nini kule ambacho kwetu hakipo? Na ni kweli ufukwe wao ni mawe?

Marahaba. Ni kweli, Nice mchanga hakuna, ni mawe ya mviringo tu mwanzo mpaka mwisho, yameshushwa na mito ya milimani hasa Var na Paillon kwa maelfu ya miaka, na hapo hapo pana kina cha ghafla, unapiga hatua chache tu maji yako shingoni. Kwa hiyo nunua vile viatu vya mpira vya kuingilia majini, vipo kila duka la pale, usione aibu, wenyeji wenyewe wanavaa. Ukitaka mchanga panda treni ya kwenda magharibi ushuke Antibes au Juan-les-Pins, au elekea mashariki ushuke Villefranche-sur-Mer, kituo kinachofuata baada ya mji wa Nice, ufukwe wa Marinières uko chini kabisa ya stesheni yaani unatoka kwenye treni unashuka ngazi uko baharini.

Kitakachokushangaza wewe mtu wa Tanga ni kwamba bahari ile haipwi. Mediteranea ni kama imefungwa, mlango wake wa Gibraltar una upana wa kilomita 14 tu pale penye wembamba zaidi, maji ya Atlantiki hayapati nafasi ya kuingia na kutoka kwa nguvu, basi kupwa na kujaa kwake ni sentimita 20, 30, 40 hivi. Sisi bamvua linapanda mpaka mita 4 na mashua zinalala kwenye tope, kule unaacha taulo lako saa 3 asubuhi na jioni unalikuta maji hayajaligusa. Raha kwa kweli, ila hakuna kutembea kwenye miamba kuokota kombe.

Na mwezi wa tano maji ni nyuzi 17 au 18. Watu wa Sweden utawaona wanaogelea wanacheka, wewe utatia mguu utautoa. Agosti ndo yanafika 24, 25. Sasa kwa siku zako hizo mimi ningepanda kile kilima cha Colline du Château mwisho wa ufukwe, bustani ya umma, kuingia bure na lifti bure, juu kuna miti na maporomoko ya maji ya kutengenezwa na unaona ghuba nzima. Jina lake linataja ngome lakini ngome usiitafute, mfalme Louis wa 14 aliamuru ibomolewe mwaka 1706.

Dada habari, naishi Lyon na watoto watatu. Mwaka juzi tulienda kule baharini tukalipia vitanda na miavuli mpaka hela ikatuishia siku ya pili. Kuna njia nyingine?

Nzuri mama. Pole, lakini hukulazimika kulipa hata senti. Ufukwe Ufaransa ni mali ya umma. Yule mwenye vitanda na mgahawa amekodishwa kipande tu, na sheria za huko zinasema kwenye ufukwe wa asili asilimia 80 ibaki wazi kwa watu wote, kwenye ufukwe wa kutengenezwa angalau nusu. Shida ni kwamba kile kipande cha kulipia ndo kinakaa katikati mbele ya hoteli kubwa, na mgeni anadhani ndo ufukwe wenyewe. Tembea dakika tano kushoto au kulia utaona familia na majagi yao ya chai, weka mkeka.

Tena kuna jambo lingine ambalo mimi nalipenda kuliko yote. Tangu sheria ya mwaka 1976 mtu mwenye kiwanja kinachopakana na bahari anatakiwa kuacha njia ya mita 3 watu wapite kwa miguu. Sio kila mahali imetekelezwa, matajiri wamepigana nayo sana mahakamani, lakini pale ilipotekelezwa unatembea chini ya majumba ya mabilionea, upande mmoja ukuta wao upande mwingine maji, na hakuna mlinzi wa kukufukuza. Nikikumbuka jinsi mtu wa kwetu anavyoulizwa "unaenda wapi" akipita mbele ya hoteli kwenye fukwe zetu, aisee, naumia. Njia hizo zipo Cap d'Antibes na kuzunguka Cap Ferrat, ila siku ya mawimbi wanaifunga ile ya Cap d'Antibes, na ina ngazi nyingi, mtoto wa mgongoni sawa, kigari cha mtoto hapana.

Halafu ukikuta ufukweni marundo ya majani ya kahawia yananuka kidogo usiwaambie watoto ni uchafu. Hizo ni nyasi bahari zinaitwa posidonia, aina hii inaota Mediteranea tu, inalindwa na sheria, na yale marundo wakati wa baridi ndo yanazuia mawimbi yasile mchanga. Manispaa nyingine zinayaacha makusudi mpaka karibu na kiangazi.

Jambo dada, mi ni mtu wa Bukavu, niko naishi Bruxelles. Napenda kutembea mulima na pori kuliko kulala kwa jua. Kule kuko nini?

Wewe nenda Calanques moja kwa moja, kati ya Marseille na Cassis. Ni hori nyembamba zilizoingia ndani ya milima ya mawe ya chokaa meupe, maji yake ni ya kijani na buluu, na ni hifadhi ya taifa tangu 2012, hifadhi inayoanzia kabisa mjini, yaani basi la mji linakushusha mlangoni. Ukianzia Cassis unapita Port-Miou, kisha Port-Pin, kisha En-Vau ambayo ndo kila mtu anaipiga picha. Mpaka Port-Pin njia ni ya kawaida, kushuka En-Vau ni kwa mawe yanayoteleza na magoti yanalia, beba maji ya kutosha sababu ukishapita Cassis hakuna duka wala bomba.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Kuanzia Juni mpaka Septemba njia zinafungwa siku yenye hatari ya moto, upepo wa mistral ukivuma na pori limekauka wanafunga bila kukuonea huruma, unaangalia jioni ya kuamkia siku hiyo kwenye programu yao ya simu inaitwa Mes Calanques. Na hori ya Sugiton tangu 2022 siku za kiangazi lazima uweke nafasi kwanza, ni bure lakini ni watu 400 tu kwa siku. Zamani walikuwa wanafika mpaka 2,500, udongo ukawa unakwisha chini ya miguu yao mpaka mizizi ya misonobari ikabaki nje. Kuna waliolalamika, mimi naona ni sawa kabisa.

Humohumo kwenye Calanques kuna pango ambalo mlango wake uko mita 37 chini ya maji. Mzamiaji Henri Cosquer ndo alilitoa hadharani mwaka 1991, na ndani kuna michoro ya farasi, mbuzi wa milimani na ndege wa baharini wasioruka, imechorwa wakati bahari ilikuwa mbali huko na mtu anaingia kwa miguu yake makavu. Kuingia huwezi, lakini tangu 2022 kuna nakala yake bandarini Marseille. Na ukiwa Marseille pita mitaa ya Wangazija, wako wengi sana mji ule, kiswahili chako na kingazija chao vitapatana nusu njia.

Kama una siku ya pili nenda visiwa vya Hyères. Port-Cros ni hifadhi tangu 1963, bahari yake pamoja na nchi kavu, hakuna gari wala baiskeli, kuna njia ya kuogelea na miwani ufukwe wa La Palud unaona samaki. Pale ndo utamuona chewa mkubwa anakutazama bila woga, maana kuvua chewa kumekatazwa kwa miaka mingi na wamerudi kwa wingi. Porquerolles jirani yake ina mchanga mzuri zaidi, ufukwe wa Notre-Dame, na baiskeli za kukodi, boti kutoka La Tour Fondue ni kama robo saa. Ila kiangazi nako wameweka ukomo, watu 6,000 kwa siku, kwa hiyo wahi boti ya asubuhi.

Assalamu alaykum. Niko Mombasa, natarajia kwenda na dadangu, sote tunavaa hijabu. Tumesikia wanakataza burkini, tutaogelea aje? Na chakula?

Waalaykum salaam. Baharini mtaogelea. Mwaka 2016 miji kadhaa ya pwani ile ilipiga marufuku, na tarehe 26 Agosti mwaka huohuo mahakama kuu ya kiutawala, Conseil d'État, ikaisimamisha ile ya Villeneuve-Loubet ikisema meya hawezi kukataza nguo bila kuonyesha hatari ya kweli kwa usalama. Baada ya hapo kuna mameya wamejaribu tena, kwa hiyo mkifika soma tangazo la ufukweni. Mabwawa ya manispaa ni kesi nyingine, huko wana masharti makali ya nguo na msihangaike nako. Kuangaliwa mtaangaliwa, sitawadanganya, zaidi kwenye vimiji vya starehe. Marseille hakuna atakayegeuza shingo.

Chakula cha Nice kuleni socca, ni mkate mwembamba wa unga wa dengu na mafuta ya zeituni, unaokwa kwenye sinia kubwa, unaliwa moto na pilipili manga. Hauna nyama. Pan bagnat nayo ni mkate wenye jodari, yai na mboga.

Mwanangu, mimi ni bwana shamba mstaafu, Njombe. Kijana wangu yuko Italia anataka anitembeze. Bahari sina haja nayo, nataka kuona bustani. Nina miaka 68, miguu bado inafanya kazi.

Shikamoo mzee. Swali lako nimelisoma kwa furaha maana bustani ndo utajiri hasa wa pwani ile. Baridi ya kuua mimea haifiki sana, milima ya Alps inazuia upepo wa kaskazini, basi tangu karne ya 19 watu wenye pesa na wenye wazimu wa mimea walileta miti kutoka kila pembe ya dunia kujaribu kama itashika.

Kwa kuwa kijana yuko Italia anzeni na bustani za Hanbury, La Mortola, hatua chache upande wa Italia baada ya Menton. Mwingereza Thomas Hanbury alinunua eneo lile mwaka 1867, leo linasimamiwa na Chuo Kikuu cha Genova, hekta 18 zinazoteremka mpaka baharini, na katikati inapita barabara ya kale ya Warumi. Utaona jamii za mkonge na shubiri kwa wingi. Kumbuka tu kila unachoteremka utakipanda, msiende saa 7 mchana.

Halafu mvuke Menton, mji wa malimau, kule Val Rahmeh kuna bustani ya makumbusho ya taifa ya sayansi asilia, ndogo lakini imejaa, wana toromiro, mti wa kisiwa cha Pasaka ambao ulishatoweka porini.

Ila kama ni kuchagua moja tu kwa mtu wa kazi yako, ningekupeleka Domaine du Rayol, mbali kidogo, upande wa Hyères. Pale hawakukusanya mimea kwa urembo. Hali ya hewa ya kiangazi kikavu na mvua wakati wa baridi ipo sehemu tano duniani: Mediteranea yenyewe, California, Chile ya kati, Cape ya Afrika Kusini na kusini mwa Australia, na msanifu Gilles Clément alipanga bustani ile kila sehemu ikae peke yake, uone jinsi mimea isiyo na undugu ilivyopata majibu yaleyale, majani madogo, magumu, yenye mafuta, mingine inasubiri moto ndo mbegu zifunguke. Na hawamwagilii ovyo. Utakaa na yule kijana mpaka achoke yeye.

Mkiweza nendeni Februari. Milima yote inakuwa ya njano kwa maua wanayoita mimosa, na wewe utaitambua papo hapo, ni akasia kutoka Australia, ndugu wa miwati yenu ya Njombe. Na lawama ni zilezile, imetoroka mashambani inasonga pori la wenyewe.

Èze wanaisifu sana kwa bustani ya dungusi kakati juu ya jabali, mita 400 na ushee juu ya bahari. Ni nzuri, lakini treni inakushusha Èze ya chini na njia ya kupanda ni saa nzima au zaidi ya mawe, kwa hiyo mpande basi kutoka Nice. Na Antibes kuna Villa Thuret, bustani ya watafiti iliyoanzishwa 1857, kuingia bure, ila siku za kazi tu.

Dada, yavuyavu je? Mwanangu aliumwa pale Cannes akalia usiku kucha.

Wapo, wale wadogo wa zambarau, kiangazi upepo ukiwasukuma pwani wanakuja kwa makundi na kesho yake hawapo. Akiumwa mwoshe kwa maji ya bahari, sio ya bomba, maji yasiyo na chumvi yanaamsha sumu iliyobaki kwenye ngozi, na usisugue kwa taulo wala mchanga. Vile vinyuzi vitoe taratibu kwa kadi ya benki. Akivimba uso au akihema kwa shida piga 112 saa hiyohiyo. Kama ni kuwasha tu nenda duka la dawa lolote lenye msalaba wa kijani, Julai na Agosti wanaona hizi kila siku, hata kifaransa huhitaji, onyesha mkono.