Barabara inapita shambani: fomu ya fidia uisaini vipi?

SWALI: Assalaam alaykum. Marehemu baba alipewa eka tatu baada ya Mapinduzi ya 1964, na sisi wanawe ndio tunaozitumia. Sasa barabara inapanuliwa na mikarafuu yetu 27 imepigwa rangi nyekundu. Nimeletewa fomu nisaini. Nilipouliza bei nikaambiwa ardhi ni ya Serikali, nishukuru kwa nitakachopata. Ni kweli? – Msomaji, Wete

JIBU: Waalaykum salaam. Aliyekujibu hivyo amekwambia nusu tu. Sheria ya ardhi Namba 12 ya 1992 inaiweka ardhi ya Zanzibar chini ya dhamana ya Rais kwa niaba ya umma. Lakini haki ya kuitumia ni mali, na miti ni mali. Kifungu cha 17 cha Katiba ya Zanzibar ya 1984 kinakataza mali ya mtu kuchukuliwa kwa lazima bila ya sababu ya maslahi ya umma na bila ya fidia. Unachopokea si sadaka.

Fomu ndiyo inayowaumiza wengi. Tazama safu ya miti: ikiandikwa "mikarafuu 27" basi, umeshapunjwa. Mkarafuu huanza kuzaa baada ya miaka kama 6, na hushika hasa ukifika 15 hadi 20. Mche wa mwaka jana na mti unaopandiwa kwa ngazi haviwezi kuwa na thamani moja. Zungukeni shamba pamoja na mthamini, sheha akiwepo na jirani mliyepakana, mti kwa mti, kila mmoja uandikwe ukubwa wake na kama unazaa. Piga picha kabla haujakatwa hata mmoja. Kisima, ukuta na minazi ya mpakani viingie pia.

Usisaini fomu iliyojazwa kwa penseli wala yenye nafasi wazi. Zipigwe mstari kwanza. Hukuridhika? Andika pembeni ya saini yako: "Sikubaliani na hesabu hii", kisha peleka barua ya pingamizi na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Msipoelewana, mlango ni mahakama. Kuishitaki Serikali kuna taratibu zake za notisi, kwa hiyo muone wakili mapema. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar husaidia wasio na uwezo.

Na jina je? Fomu ikiwa na jina la marehemu, malipo yatakwama. Fungueni mirathi kwa Kadhi leo, dada zenu na mama wakiwemo. Hati ya eka tatu itafuteni, msingoje kuulizwa.

SWALI: Mimi nina minazi 9 tu, ardhi ni ya mwengine. Nitalipwa? – Msomaji, Makunduchi

JIBU: Ndiyo. Kwetu mti unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwenyewe. Hakikisha minazi hiyo inaandikwa kwa jina lako, kwenye fomu yako, siku hiyo hiyo ya kuhesabu. Ikishaingia kwenye fomu ya mwenye ardhi, utakuwa unamdai yeye.