Maoni yawemo, ila yaje yamezimwa

Kuhusu kama programu ya kuchapisha tovuti ije na sehemu ya maoni ya wasomaji: mimi nasema iwemo, ila ije imezimwa, mwenye tovuti aiwashe mwenyewe akitaka. Kisanduku cha kuandikia si kazi kubwa. Kazi ni spamu, yaani matangazo na takataka zinazomiminwa kwenye maoni. WordPress, programu ya kuchapisha tovuti, huja na maoni yakiwa yamewashwa, na ukifungua mipangilio yake utaona walivyojihami: maoni yenye viungo (linki) 2 au zaidi hushikiliwa yasubiri idhini, na mjadala wa makala za zamani unaweza kufungwa baada ya siku 14. Hayo hayakuwekwa kwa urembo. Ukiachia programu za nje, kama wenye Hugo au Jekyll, programu za tovuti zisizo na maoni yake zenyewe, wanavyobandika Disqus, huduma ya maoni ya kampuni nyingine, maneno ya wasomaji wako yanakaa kwenye seva ya mtu mwingine, na akibadili masharti huna la kusema. Ghost, programu nyingine ya kuchapisha, nao walikaa miaka bila maoni, wakayaingiza 2022. Kama hakuna wa kuyapitia mara kwa mara, usiyawashe kabisa. Weka anwani ya baruapepe chini ya makala, mwenye hoja ataandika.